Chuma Kilichopakwa Mawese

Katika lupango letu, kiwanja chetu cha mtaa wa Mikelenge, kuna paa moja tu ambalo halijawahi kuvuja, na chini ya paa hilo halali mtu. Linalala jiko.

Ni jiko la makala, yaani makaa, la kuchomea nyama, la chuma kizito, lenye miguu minne, wavu wa nondo na kifuniko kinachofunguka kama sanduku la nguo. Baba alilitoa Kalima. Mafundi wa kampuni ya madini alimokuwa karani ndio waliomchomelea, siku ambazo kampuni ilikuwa bado inalipa watu na watu walikuwa bado wanachoma nyama Jumapili. Wanawake wa Kindu hupikia mbabula, jiko dogo la bati ambalo mvua ikianza unalibeba kwa mkono mmoja na kuliingiza ndani pamoja na makala yake. La Baba lilitaka wanaume wanne kulisogeza. Aliliita barbekiu, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo chake.

Nilijua kanuni za kulitunza kabla sijajua kusoma. Majivu yatolewe yangali makavu, maana majivu yakinywa maji yanakula chuma. Wavu usuguliwe kwa gunzi la muhindi. Miguu ikae juu ya matofali, isiguse udongo. Usilifunike likiwa na joto, litatoka jasho ndani. Na mwisho wa yote, mafuta: kitambaa kikavu, mawese, kila kona, kila bawaba. Sala ya jioni tuliruhusiwa kuikatiza kwa kikohozi. Kanuni hizi, hapana. Sijui mtoto yeyote wa Baba ambaye Baba alimjua kwa undani hivyo, kona kwa kona.

Kisha vita ikaja na mji ukafungwa. Garimoshi likaacha kulia, maduka yakabaki na mbao tupu, na chumvi ndiyo iliyopotea mapema. Mama alichoma maganda ya ndizi, akachuja majivu yake kwa maji, akayachemsha yale maji mpaka chini ya sufuria yakabaki mabaki ya kijivu, machungu, ambayo tuliyaita chumvi kwa heshima tu. Tulikula bugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo huohuo, kesho yake sombe na bugali. Yaya yangu, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, mtoto wa kwanza wa nyumba, akavimba miguu. Ukimbonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zake zikawa nyekundu na laini kama ndevu za muhindi, na akaacha kucheza, na baadaye akaacha hata kulia. Jirani aliyekuwa muuguzi alimwambia Mama kwamba mtoto apewe mafuta, samaki, chochote kisicho muhogo, upesi.

Samaki hawakupatikana. Mawese yalikuwa porini, upande wa njia ya Kibombo, na njia ile wanawake waliiendea kwa kundi na kurudi wakiwa pungufu. Mama alikwenda. Alirudi na chupa moja, magoti yakiwa na matope, na hakusimulia kitu.

Mvua ilinyesha usiku huo kama mvua ya Maniema inavyojua kunyesha, bila aibu. Asubuhi Mama alitoka na sufuria ya sombe akamkuta Baba amechuchumaa mbele ya jiko lake, kitambaa mkononi, chupa kando ya goti.

"Baba ya watoto, unafanya nini?"

"Angalia hii kona. Kutu imeanza."

"Ile mafuta ni ya mutoto."

"Nimechukua kidogo tu, mama. Kidogo sana."

"Chuma iko na tumbo?"

"Vita itaisha. Siku itaisha tutachoma mbuzi muzima hapa, na wewe njo utakuwa wa kwanza kunishukuru. Chuma ikishaharibika, hairudi."

"Na mutoto akiharibika, atarudi?"

Baba alifikiri. Sitaki kumdhulumu: alifikiri kweli, uso wake ulikunjamana kwa kufikiri. Halafu akamalizia bawaba, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeshalowa na ingekuwa hasara kukiacha kikauke bure.

Mama alimnyang'anya kitambaa. Alisimama juu ya sufuria akakikamua, kwa mikono miwili, kama anavyokamua nguo ya mtoto mchanga. Mafuta yalidondoka mekundu, na kutu ndani yake, na masizi. Siku ile sombe ilikuwa na ladha ya msumari. Yaya alilamba sahani.

Wenzangu tunaosomeana riwaya zetu wananiambia kwamba vita lazima iandikwe kwa bunduki. Na waiandike. Ile ninayoijua mimi ilikuwa na kitambaa.

Bunduki zilikuja pia, wakiwa nazo askari ambao sasa siwezi kukumbuka walikuwa wa upande gani, maana pande zilibadilika na njaa ikabaki ileile. Walipita na mbuzi wa jirani, wakaliona jiko likimeta uani kama limeoshwa kwa ajili yao, wakaingia. Baba aliwawashia makala. Baba aliwapepea. Walipoondoka na kuacha mifupa, alituita tukasimama mbele yake, naye akasema, akiwa na fahari ya bwana harusi:

"Mumeona? Ingekuwa na kutu, wangepita tu."

Mama aliokota mifupa, akaichemsha. Yaya aliponea mchuzi huo, na mafuta ya njia ya Kibombo, na ukaidi wa mwanamke mmoja. Jiko halikumponya. Nalisema wazi kwa sababu nyumbani kwetu leo wanasimulia vingine.

Vita ilipokwisha, Baba alitimiza neno lake. Alichoma mbuzi mzima. Mama alileta sahani, akaziweka mezani, akaingia ndani na kufunga mlango. Tangu siku ile hakutia mdomoni nyama iliyotoka juu ya wavu ule. Baba alikufa miaka mingi baadaye, kitandani, akiwa bado anangoja asante.

Jiko likarithiwa na Yaya. Ndiyo, huyohuyo. Siku hizi ana miguu ya mtu anayenunua na kuuza kasiteriti, mawe ya madini ya bati, huko Kalima, imejaa vizuri ndani ya viatu vya ngozi, na ukiibonyeza halibaki shimo, zinatoka hela. Alilijengea jiko banda la mabati mapya, juu ya nguzo za miti migumu. Aliliagizia gamba la turubai nene kutoka Goma, lenye kamba za kufungia na mfuko wa kuwekea koleo. Kando ya banda hilo, hatua chache tu, kuna jikoni kwa Mama. Humo mvua ikinyesha tunatega beseni, na sufuria, na beseni lingine.

"Yaya," nilimwambia siku moja, "bati moja tu ya hapa ingefunika pale kwa Mama."

"Wewe muandikaji, kaandike. Hii njo kitu Baba alituachia."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Alituachia na njaa," akasema. "Ile munaifunika na nini?"

"Mama, mambo ya vita ilishaisha. Mimi ile njaa hata siikumbuki. Nakumbuka ule mbuzi."

Mama aliendelea kuchambua. Lakini jioni hiyo, tukiwa wawili, aliniambia jambo la moyoni, yeye ambaye alikuwa hajawahi kuniambia kitu juu ya mume wake, wala juu ya njia ya Kibombo.

"Niko na jambo moja tu naomba Mungu. Nione ile kitu inakula kutu mbele sijakufa. Nione na macho yangu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kuwa mwepesi, ule wepesi wa wazee unaotisha, na nikaelewa kwamba anapima nani atatangulia, yeye au chuma. Na chuma, kwa matunzo ya mwanawe, kilikuwa kinashinda.

Msimu wa mvua ulipoanza, Yaya alirudi Kalima kwa biashara. Kabla ya kupanda pikipiki alimshika Mama mikono yote miwili. Nilidhani anamuaga.

"Mama, barbekiu. Usisahau kufunika. Siku ya kumkumbuka Baba nitakuja na watu wakubwa."

"Nitafunika, mwanangu."

Na alifunika. Ninashuhudia mbele ya yeyote: hakuna mvua iliyomkuta hajafunika. Wingu likichungulia tu ng'ambo ya mto, Mama alikuwa uani anavuta kamba, anakaza mafundo, anapapasa gamba kama mgongo wa mtoto. Majirani walimsifu. Mimi nilianza kushangazwa na kitu kingine.

"Nenda uniletee chumvi."

"Ile ya juzi, Mama?"

"Imekwisha."

"Tunakula chumvi namna gani, sisi wawili?"

"Nimesema nenda. Na leta ile ya mawemawe."

Nililitazama jiko mara moja tu, alipokuwa kanisani. Nilifungua kamba, nikainua kifuniko. Ndani majivu yalikuwa yamejaa mpaka kwenye wavu, majivu ya mbabula yake ya kila siku, yameloweshwa yakawa uji. Juu yake chumvi, konzi kwa konzi, imetandazwa kwa mkono usiobana. Mkono uliowahi kuchuja maganda ya ndizi ili kupata kijiko kimoja cha uchungu sasa ulikuwa unakilisha chuma chumvi kama anayelisha kuku. Kanuni zote za Baba zilikuwepo, moja baada ya nyingine, zimegeuzwa kichwa chini. Hata matofali chini ya miguu alikuwa ameyafukia kwa udongo, mpaka udongo ukaigusa miguu. Nikafunga kamba kama nilivyozikuta. Kesho yake nilinunua chumvi bila kutumwa.

Siku ya kumkumbuka Baba ikafika, na Yaya akafika na watu wake wakubwa, wakakaa kwenye viti vya plastiki wakiwa na miwani na simu. Mbuzi alikuwa ameshachunwa. Yaya alihutubia kidogo kuhusu baba aliyejua kutunza vitu, kuhusu chuma kilichovuka vita bila kovu, na watu wakaitikia vizuri. Halafu akavua gamba.

Kifuniko kilikataa. Akavuta. Bawaba ikatoka mkononi mwake kama jino bovu. Alipoinama kuangalia ndani, aliegemea ukingo, na sakafu ya jiko, ambayo moto wa miaka yote ulikuwa umeshaila nusu, ikashuka chini na majivu yake, polepole, ikaacha shimo jekundu ambalo mguu wa mtu ungepita.

 Kisha Yaya, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu alipokuwa na nywele nyekundu:

"Mama. Nani amefanya hii?"

"Mvula," Mama akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alilitazama lile shimo kwa muda mrefu, bila haraka, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja. Halafu akaniita nilete mbabula, na sufuria kubwa, na galoni la mawese, lote.

Watu wakubwa walikula mbuzi wa sufuria, na hawakufa. Mama alijipakulia sahani, akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati yao, akala nyama kwenye sherehe ya mume wake kwa mara ya kwanza. Yaya alikuwa bado amesimama kando ya jiko, anaokota vipande vya kutu na kuvitia mfukoni. Mama alimfuata na sahani. Mafuta yalikuwa yanachuruzika ukingoni, yanamwagikia kidole gumba chake, yanamwagikia kiatu cha mwanawe.

"Kula, mutoto wangu," akamwambia. "Leo mafuta iko."