Kolekole wa Saa ya Futari

Tende ikinifika mdomoni na ladha ya chumvi, hata kidogo tu, mikono yangu hukunjika yenyewe kama iliyoshika kitu kinachotaka kuponyoka. Mume wangu hunicheka. Yeye hakuwepo siku nilipoila tende tamu kuliko zote maishani mwangu, kwa vidole vilivyojaa magamba, juu ya majabali ya upande wa Sur.

Miaka ile Ramadhani iliangukia majira ya baridi, siku zikawa fupi, na watoto wa rika langu pale Ibra walikuwa wakifunga mpaka magharibi. Mimi bado. Nilikuwa nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili alasiri ilinishinda, nikalia, nikapewa maji. Nyumbani kwetu asiyetimiza saumu hakukaa na wakubwa wakati wa futari. Alitandikiwa mkeka kando, pamoja na wadogo wanaomwaga uji, na mimi nilikwisha choka kumwagiwa uji. Asubuhi ile nikatangaza kwamba leo sionji kitu. Bibi, mama yake baba, akanitazama kwa pembe ya jicho akasema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Maana yake nitarudi tu kwenye mkeka wa uji. Iliniuma, nami nikaapa moyoni.

Mliowahi kufunga mkiwa wadogo mnajua kwamba asubuhi si kazi. Kazi ni ile saa ambayo ulimi unagandamana na kaakaa na kila bomba la maji unalisikia likidondoka. Baba alikuwa na njia yake ya kuipitisha saa hiyo, nayo ni kuvua. Alikuwa mtu wa ofisini, tena anaishi Ibra kwenye mitende na mifalaji, ile mifereji ya kumwagilia, mbali na bahari, lakini akipata siku ya mapumziko hutia fimbo yake ya kuvulia garini na kushika njia ya Sur. Alikuwa akirudi na changu wawili watatu wa kukaanga. Ndoana nyingi zilibaki kwenye majabali, na Bibi alikuwa akimpokea mlangoni kwa swali lile lile, "Nassor, leo umevua jiwe gani?"

Siku ile alitaka kunisaidia nitimize, akanichukua. Bibi naye akasema anakuja. Alipakia chupa ya chai, kaimati, tende, na maji aliyoyafunga ndani ya taulo ili nisiyaone. Niliyaona.

Bibi alizaliwa Unguja mjini, ambako jua huzama baharini mbele ya macho ya watu. Huku kwetu bahari iko mashariki, jua linakwenda zake nyuma ya milima, na jambo hilo hakuwahi kulisamehe. "Jua la huku halijui pa kuzamia," alisema. Basi hakuliamini, aliiamini redio. Daktari alikwisha mwonya asicheleweshe futari kwa sababu ya sukari, na kwa saa ya kufuturu hakuwa na mzaha na mtu. Baba aliegesha gari juu kwenye changarawe, Bibi akakaa mlango wazi, redio ikisema polepole. Kule majabalini mawimbi yalikuwa hayamwachii mtu kusikia kitu, kwa hiyo tukakubaliana kwamba adhana ikilia Bibi atapunga kanga. Mimi niliwekwa katikati, nimwangalie Bibi, nimwite baba.

Niliiangalia kanga ile nikaichoka. Midomo ilinikauka, kichwa kikawa chepesi. Nilijiambia nihesabu mawimbi, nikapotea hesabu, nikaanza kumwonea huruma mtoto yule niliyekuwa mimi. Kidogo tu ningelia, na nikilia nimekwisha.

Ndipo nikasikia kigurudumu cha mshipi kikipiga ukelele. Kugeuka, fimbo ya baba imepinda mpaka ncha yake inaelekea maji, na baba mwenyewe anavutwa, mguu mmoja hewani. Kiu ilinitoka palepale, wallahi. Nilishuka majabali yale mbio, jambo nililokatazwa siku zote.

"Taali, Raya, njoo, nishike kiunoni."

Nikashika kikoi. Baba akapiga kelele kwamba nishike mkanda, si kikoi, na ilikuwa vyema aliwahi kusema. Nikaung'ang'ania mkanda kwa mikono yote miwili, visigino nikavitia kwenye ufa wa jabali. Samaki alikwenda mbali, akarudi, akakata kwenda upande wa kushoto ambako mwamba umechongoka, na baba akamwomba kwa Kiarabu na kwa Kiswahili asiende huko. Alikwenda huko huko. Mshipi ulikwaruza mwamba na sote wawili tuliacha kupumua. Haukukatika.

Wimbi likaja tusiloliona. Lilitupiga kifuani, likanijaa macho, pua na mdomo, na sehemu yake ikateremka kooni. Nilikohoa, kisha nikafahamu lililonifika. Siku nzima ile, na sasa.

"Baba, nimekunywa maji."

Baba hakugeuka. "Umekusudia?"

"La."

"Basi shika."

Nikashika huku nalia. Baba alivuta, akaachia, akavuta, mpaka wimbi kubwa likamnyanyua samaki na kumtupa juu ya jabali bapa chini yetu. Kolekole, wa rangi ya fedha, mkubwa kuliko samaki yeyote niliyewahi kumwona nje ya soko. Maji yakaanza kurudi, naye akaanza kuteleza pamoja nayo. Baba alikuwa na fimbo mkononi, hakuweza kuwahi. Niliruka nikamlalia. Nikamkumbatia kwa mikono na miguu, akanipiga mkia mapajani, akanipiga tena, nikauma meno nikasema, "Hendi, baba, hendi." Baba alipofika akatutoa sote wawili kwa pamoja, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona baba katika furaha ile, si kabla wala baada.

Tulipanda kwenye gari giza limeingia. Bibi alikuwa amekaa vilevile, kanga mapajani, tende mkononi. Redio ilikuwa inasoma Kurani.

Nilimwambia kabla hajaniuliza. "Bibi, maji ya bahari yameniingia, nimeyanywa."

"Bahari ndiyo iliyokunywesha, weye hukunywa," akasema. "Saumu yako nzima. Piga bismillahi." Akanitia tende mkononi. Nikaila na chumvi yake na magamba yake, na usiku ule nikakaa kwenye busati la wakubwa, mbele ya kichwa cha kolekole kwenye mchuzi wa nazi, nikisimulia bila kupumzika. Gari letu lilinuka mpaka Idi.

Miaka mingi nilikihesabu kisa hiki kuwa changu na cha baba. Bibi nilimweka pembeni, mwenye kungoja garini. Alikwisha tangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, nami sikuwahi kumuuliza kitu.

Ramadhani iliyopita binti yangu Salma alikuwa anakaribia kutimiza saumu yake ya kwanza. Adhana ikalia, yeye hayupo, yuko uani anamtafuta paka wake. Nilikwisha pandisha tende mdomoni nilipomwona baba, mzee sasa, ameishika yake mkononi, haili.

"Futuru, baba. Adhana imekwisha."

"Mtoto hajaja," akasema. "Siku mtoto anapotimiza, yeye ndiye hutangulia. Ndivyo alivyotulea mama, bibi yako." Akanitazama. "Siku ya kolekole adhana ilimkuta redioni, kwa wakati wake. Nilimuuliza usiku, mama, mbona hukufuturu, na sukari yako? Akanambia, ningempungia nani kanga, nyote mmenipa mgongo. Na Raya alikuwa hajala."

Nikaikumbuka tende aliyonitia mkononi. Ilikuwa na joto la kiganja chake. Mimi nilikuwa na samaki wa kunisahaulisha kiu. Yeye hakuwa na kitu, amekaa na maji yake ndani ya taulo, na bibi huyo ndiye niliyedhani haniamini.

Niliirudisha tende sahanini. Salma akaingia na paka kwapani, akaziona tende zetu hazijaliwa.

"Mbona hamli?"

"Tunakungoja weye," nikamwambia.