Siku Mume Wangu Alipojitwika Ndoo

Wajukuu wangu wawili, wa kike na wa kiume, wakikutana likizo hawaishi kubishana. Huyu anasema mfumo dume umewakaba wanawake koo. Yule anasema siku hizi mwanamume ndiye hana mtetezi, akilia anachekwa, mtoto wa kike anapewa kila kitu. Juzi wakanigeukia: "Bibi, wewe uko upande gani?" Nikawaambia waniache nichambue maharage yangu. Mjadala huo nilishaufanya mimi, tena nikashinda, na sina hamu nao.

Tulikuwa Runazi, miaka ile tulipokwisha kuhamishwa kutoka mashamba ya mbali na kupangwa kwa mistari kwenye kijiji cha ujamaa. Alasiri, tukitoka shamba la kijiji, watu wazima tulibanana kwenye madawati ya watoto tukijifunza kusoma. Mwalimu wetu wa kisomo alikuwa kijana kutoka mbali, maneno mengi, mila zetu hazijui. Siku moja akaandika ubaoni: Mwanamke anaonewa kuliko mwanamume. Akaniteua mimi niunge mkono, maana mdomo ninao. Wa kupinga akamteua mume wangu. Watu walicheka mpaka madawati yakalia.

Nikasimama. Nikasema tunalima wote shamba lile lile, jembe lile lile, lakini jua likizama yeye ananyoosha miguu na mimi naanza upya: maji, kuni, chungu, mtoto mgongoni. Akinipiga naambiwa nivumilie. Nikimjibu naambiwa sikufundwa. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikazidi kupandisha sauti. Sijutii hata neno moja, yote yalikuwa kweli.

Mume wangu alikuwa na pumu. Kifua kilimbana tangu utoto, vumbi likitimka tu unamsikia anavuta pumzi kwa sauti. Akasimama akasema taratibu, "Mke wangu akiogopa, anasema naogopa, anakwenda kwao. Mimi nikiogopa niende wapi? Kifua kikinibana nikalala, mnaniita mvivu. Mwanamke anaonewa na mwanamume, sawa. Mwanamume anaonewa na nani? Na ninyi nyote." Loo, walivyomcheka! Na yeye alisema kweli vilevile, ila hakuna aliyemsikiliza.

Sasa yule mwalimu alikuwa ameweka adhabu: upande utakaoshindwa uwachotee maji walioshinda. Hebu fikiri. Sisi tungeshindwa, tungepoteza nini? Maji tulichota kila siku ya Mungu. Lakini kwetu mwanamume alibeba maji kwa baiskeli, na asiye nayo alimngoja mkewe. Kujitwika kichwani, thubutu! Basi tukapewa ushindi sisi, na wanaume wakayeyuka mmoja mmoja. Alibaki mume wangu peke yake, kwa sababu alikubali masharti na hakuwa mtu wa kula maneno yake. Akasokota ngata, akajitwika ndoo, akapanda nayo kutoka mtoni maji yakimchuruzika usoni. Siku hiyo nilimpenda kuliko siku aliyonioa. Kijiji kikampa jina: Mke Mwenzetu. Hata watoto wadogo walimwita hivyo.

Kisha redio ya katibu wa kijiji ikaanza kusema mambo mengine. Adui amevuka mpaka, amekalia ardhi yetu kaskazini ya mkoa. Barabarani wakaanza kupita watu wenye magodoro vichwani na kuku kwenye vikapu, watu wasiosalimia. Mama mmoja aliomba maji uani kwangu. Nilipomuuliza wametoka wapi akarudisha kikombe, akashika njia. Tukawa tunapika mapema na kuzima moto. Magari ya jeshi yalipita mchana kutwa, vumbi halitulii, na kifua cha mume wangu kikawa kinapiga filimbi asubuhi na jioni. Nikajua kabisa: huyu akichukuliwa, harudi.

Siku mgambo walipoitwa, kijiji kizima kilikusanyika uwanja wa shule. Wanaume walipangwa mstari, sisi wanawake pembeni. Lori lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Katibu akatangaza: "Mwenye maradhi atoke, asimame huku. Hana lawama." Nikashusha pumzi. Mganga wa zahanati alikuwepo, alimjua vizuri, alikuwa akimtazama, akimngoja atoke.

Mume wangu akatoka mstarini, hatua moja. Hapo jirani yangu, mwanamke niliyekuwa nakwenda naye mtoni, mchangamfu asiyeweza kuacha utani upite, akapaza sauti: "Mke Mwenzetu huyo! Njoo huku baba, ndoo yako tumekutunzia!" Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Wanaume walicheka, wanawake walicheka, hata askari wenye bunduki walicheka. Mume wangu akarudi mstarini.

Nilimkimbilia pale pale, aibu nikaiweka kando. "Baba watoto, una kifua. Toka. Watacheka, watachoka."

"Wewe wamekuzoea ukiwa mwanamke," akasema. "Mimi nikibaki hapa nitakuwa nani?"

"Utakuwa mzima!"

Akakohoa, akaniwekea mkono begani kidogo, akapanda lori. Nilimtukana mwalimu, nikamtukana jirani, nikalitukana lori lenyewe. Wanawake wenzangu wakanivuta nyumbani, wakisema ninyamaze kwa heshima ya taifa. Ebo! Heshima gani hiyo?

Katibu alikuja mchana, mvua za masika zikinyesha, akavua kofia kabla hajafika uani. Hakufa kwa risasi. Walikuwa wakibeba masanduku ya risasi kwenye tope, kila mtu na lake, pumzi ikamkatika njiani. Wenzake walisema hakumwambia mtu kuwa ni mgonjwa.

Msibani jirani yangu alilia kuliko wote, ikabidi ashikwe. Mkono uliniwasha nimzabe kofi. Nikamtandikia mkeka, kwa sababu alilia kweli, na ndoo ile walikuwa wameicheka wote, si yeye peke yake, isipokuwa mimi na marehemu.

Matanga yalipokuwa yanakwisha, wanaume wa ukoo waliketi ndani kuzungumza. Shemeji yupi achukue nyumba, watoto wakae kwa nani, na mimi nirithiwe na nani, au nirudishwe kwetu. Nilikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa udongo, nawasongea ugali wa muhogo. Niliwasikia vizuri. Hakuna aliyeona haja ya kunong'ona.