Pua

Madereva wa malori ya masafa marefu walimwita Pua, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na mbili alivuka mipaka akiwaongoza wenzake kila njaa ilipowauma ugenini. Lugha za huko hakuzijua. Aliziruka hoteli za barabarani zinazomchuna mgeni ngozi, akazama vichochoroni nyuma ya magereji, akaingia jikoni na kumwashiria mpishi afunue sufuria. Aliinama, akavuta pumzi mara moja. Akisonya, wote waligeuka kuondoka. Akisema, "Kaeni," walivuta viti na kula vizuri kwa bei ya wenyeji.

"Hii pua ingekuwa mbwa, ningeifuga," shemeji yake alimtania. Huyo ni kaka wa mkewe, na lori lake lilifuata la Pua siku zote.

"Ungeilisha nini, na wewe hata ndizi hujui kuchagua?"

Nyumbani hakuwa na uzito. Watoto walimwamkia kama mgeni, na mkewe alishazoea kuamua kila jambo peke yake. Barabarani tu ndipo watu walipomngoja aseme.

Kisha akaugua homa. Ilipomwacha, mkewe alikuwa akikaanga vitunguu hatua tatu kutoka kitandani, lakini puani mwake nyumba nzima ilikuwa kimya. Daktari alisema huenda harufu zikarudi, huenda zisirudi. Pua hakumwambia mtu.

Safari iliyofuata alitegemea macho. Alitazama wapi wenyeji wamejaa, na sahani zipi zinarudi tupu. Jikoni aliinama kama kawaida, akavuta pumzi, akasema, "Kaeni." Miji minne aliipita salama, na akaanza kuamini kwamba macho yanatosha.

Mji wa tano, mkahawa ulikuwa umejaa. Mpishi alifunua sufuria ya maharage. Pua akaonyesha ile ya nyama pembeni. Mpishi akaweka kiganja juu ya kifuniko, akatikisa kichwa, akarudi kwenye maharage. Pua akatabasamu. Miaka yote wapishi wa ugenini walimficha sufuria tamu, wakiwawekea wateja wao wa kila siku. Aling'ang'ania. Mpishi akainua mabega, akafunua. Mvuke ulimpanda usoni kama maji ya moto yasiyo na kitu ndani.

"Kaeni!" aliita.

Mezani shemeji yake alishika tonge, akasita. "Shemeji, hii nyama inanuka."

"Viungo vya huku ndivyo vilivyo. Kula."

Wenzake walitazamana, kisha wakala. Waliiamini pua yake kuliko pua zao.

Kabla ya saa kumi alasiri malori sita yalikuwa yamesimama kando ya barabara, madereva wamechutama majanini wakitapika. Yeye naye alitapika, lakini shemeji yake ndiye aliyezidiwa. Zahanati ikamlaza, dripu mkononi, midomo imekauka.

"Uliinusa?" shemeji aliuliza.

Pua alitazama chupa ikidondosha.

"Nakuuliza, uliinusa?"

"Sisikii harufu. Tangu ile homa."

"Ungesema, bwana! Ningekunusia mimi, tukaendelea."

"Na mimi ningekuwa nani?"

"Shemeji yangu." Alifumba macho. "Mimi nilikwambia inanuka. Ukanijibu nile."

Akageukia ukutani. Pua alikaa pale hadi muuguzi alipomwambia amwache mgonjwa apumzike.

Siku ya tatu shemeji alipata nafuu, msafara ukaondoka. Katika mji uliofuata madereva walishuka bila kumngoja. Mmoja alimuuliza muuza matairi wapi panaliwa vizuri kwa bei nafuu, wakaelekezwa. Hakuna aliyemtukana Pua. Walimwekea kiti, wakamsogezea maji ya kunawa, na mmoja akamwita "mzee," jina ambalo hakuwahi kuitwa nao.

Chakula kikaja. Kila mmoja aliinamia sahani yake, akanusa, ndipo akala. Shemeji yake alikaa mwisho wa meza, akila polepole bila kuinua macho. Walipoulizana kama mchuzi ni mtamu, hakuna aliyemgeukia Pua.

Yeye alishika tonge lake mkononi, akasubiri aone wenzake wamemeza.