Siku Nepi Ilipopata Rangi

Ndugu zangu, mimi ni Baba Emanueli wa Nakwa, mhitimu wa madarasa ya jioni. Zamani nilicheka hadi kuku wa jirani wakaacha kutaga. Siku hizi nacheka nikiwa nimekaa.

Emanueli, mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa mnene. Hajaanza hata kutabasamu, macho yakawa ya njano, kisha ngozi. Miaka ile mafuta ya taa yaliadimika. Nikatania kwamba macho yake yangemulika Babati nzima. Mama yangu hakucheka.

"Ni huu unga wa njano wa msaada," alimwambia mke wangu. "Unakula njano, unanyonyesha njano."

Mtaa mzima ukakubali. Tukauacha unga ule, na dukani hapakuwa na mwingine. Mke wangu akala viazi mpaka akavichukia.

Mtoto akazidi kuwa wa njano. Mkojo wake ukawa kama chai ya rangi, nepi zikabaki na madoa. Tukalaumu kukosa sabuni. Choo kikawa cheupe kama chokaa. Hicho tulikifurahia! "Maziwa matupu hayo," alisema mama. Tumbo likavimba, akalia hadi sauti ikakauka.

Hospitalini, daktari alikunjua nepi kwanza.

"Baba Emanueli, kama ni unga unaomtia rangi, mbona choo ni cheupe?"

Mimi msomi nikaanza kuikagua nepi upya.

"Mrija wa nyongo umeziba tangu azaliwe. Nyongo ndiyo hukipa choo rangi; yake haifiki kwenye utumbo, inarudi kwenye damu, inaharibu ini. Apasuliwe mapema. Mkichelewa, ini halitawasubiri."

Tulipanda lori la maharage kwenda hospitali ya rufaa. Lilikwama kwenye kila tope aliloliumba Mungu. Mimi nasukuma, mke wangu juu ya magunia na mtoto. Wakampasua, wakaunganisha utumbo na mrija juu ya palipoziba. Halafu wakasema, "Ngojeni choo."

Tukangoja. Nepi nyeupe. Nyeupe tena. Nilichoka hadi kwenye mifupa.

Asubuhi moja mke wangu akaita, "Baba Ema, njoo uone!"

Ilikuwa kijani, inanuka kushinda zizi. Nikaipeperusha wodini kama bendera.

"Mzee, weka uchafu huo chini!" nesi alifoka.

"Uchafu? Sista, huyu ni mwanangu amerudi!"

Namshukuru Mungu, na mikono iliyompasua. Homa bado humrudia, nasi hurudi hospitali, uchovu haujaisha. Ila wazazi, njano ikikawia kuisha, msimtazame mtoto usoni tu. Fungueni nepi. Choo kikiwa cheupe, msibishane na unga, mpelekeni hospitali.

Emanueli sasa anakula ugali wa njano. Anamaliza wake, anakuja kwenye wangu.