Buru Buru Phase Seven: konsati yangu ya kwanza, konsati ya juzi, na sauti ya Mama Ndinda

Wakuu, habari za mchana. Na nyinyi mnaosoma mkiwa ofisini mkijifanya mnajibu email, habari zenu pia.

Mimi ni mtu wa Umoja, mtunza stoo wa duka la hardware, mume wa mke mmoja. Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe na hakuna Phase Seven hata moja ndani yake. Mkifika katikati mtaelewa nasema nini.

Kuna member hapa aliuliza konsati ya kwanza ya kila mtu ilikuwa gani na ya mwisho ni gani. Watu wakajibu mstari mmoja mmoja. Mimi nikaanza mstari wangu, ukakataa kuisha. Basi nimeona nifungue uzi wangu nisimharibie mwenzangu wake.

Niseme mapema kwamba siku hizi mimi ni mtu wa kuchoka. Naamka nimechoka, nalala nimechoka. Kama unatafuta uzi wa kuchangamsha, pita tu, hatutakosana.

Tuanze na ya kwanza.

Nilikuwa nimemaliza Form Four, sina kazi, nakaa kwa brother hapa hapa Umoja. Kulikuwa na shoo Jumapili mchana kwenye social hall moja upande wa Kariokor. Bendi ya magitaa, vijana wa Eastlands tupu. Nikapita sokoni kwanza nikanunua sandals za ngozi, maana siwezi kwenda mbele za watu na viatu vya shule. Fundi akaniapia kwamba zitalainika zikivaliwa.

Zililainika, ndiyo, lakini zilianza na visigino vyangu.

Hall yenyewe ilikuwa na madirisha madogo kule juu na mabenchi yaliyosukumwa ukutani. Spika moja ilikuwa nzima, nyingine ilikuwa na kikohozi. Bendi ilianza ilipojisikia kuanza na hakuna aliyelalamika. Nilisimama mchana mzima, na ukiondoa visigino, sikuhisi kama nina miguu.

Sasa, kwa wasiojua shoo za Eastlands. Kabla ya bendi kubwa kupanda, MC huita mitaa. Anasema "Jericho mko?" na watu wa Jericho wanapiga kelele. "Dandora mko?" Dandora wanajibu. Mtaa ukiitwa ukanyamaza, hiyo ni aibu mtabeba mpaka shoo ijayo. Kwa hivyo hata kama mko wawili, mnapiga kelele za watu hamsini.

Umoja ikaitwa. Nikafanya kazi yangu.

Kisha MC akasema, "Buru mko?"

Wakuu, nyuma yangu ilitoka sauti sijawahi kuisikia kwa binadamu. Sauti ya msichana mmoja, peke yake, ikafunika watu wote wa Buru Buru waliokuwa mle ndani. MC mwenyewe alishusha mic akasema, "Huyo wa Buru, tuachie hata sisi kidogo." Hall nzima ikacheka.

Nikageuka kumwangalia mwenye sauti. Gauni ya maua, nywele imefungwa na kitambaa, amesimama mikono kiunoni kama aliyeshinda kesi. Jina lake Nyambura. Leo mnaweza kumwita Mama Ndinda, maana ndiye mama wa binti yangu.

Shoo ilipoisha nikamwomba nimsindikize. Akakubali.

"Buru unakaa wapi?" nikamuuliza.

"Phase Seven," akasema, bila kupepesa macho.

Wakuu wa Eastlands tayari mnacheka. Kwa wengine nieleze: Buru Buru ina phase tano. Hiyo ya saba haijawahi kujengwa, na hata ya sita ukiitafuta utapotea.

Nikiwa kijana sikuwa na maneno mengi, na msichana alikuwa mrembo. Lakini kutoka Kariokor ukienda Buru unashika Jogoo Road. Huyu akashika Juja Road. Nikafuata nyuma na visigino vyangu vinavyotoka damu, nikijiambia labda Phase Seven ina njia yake.

Tulipokaribia Kiamaiko, kule kwenye soko na machinjio ya mbuzi, harufu ya mbuzi ikatupokea. Ikaongezeka. Akasimama ghafla akasema, "Hapa panatosha, asante."

Kabla sijajibu, mama mmoja mwenye gumboots akatoa kichwa kwenye geti ya bati. "Nyambura! Babako anauliza kama utarudi leo ama kesho. Matumbo hayajaoshwa!"

Wakuu, aliganda. Nikaona macho yake yanajaa maji. Baba yake alikuwa akichinja mbuzi pale sokoni na yeye ndiye aliyekuwa akiosha matumbo baada ya shule. Baadaye aliniambia wasichana wa darasani kwao walikuwa wakiziba pua akikaa karibu, hata siku alizooga mara mbili.

Mimi nikamwambia, "Phase Seven ni kuzuri. Hewa safi, na nyama iko karibu."

Akacheka. Na kicheko chake kilikuwa kikubwa kama kelele zake. Mbuzi zilijibu kutoka ndani, naapa.

Nikakata shauri siku hiyo kwamba huyu nitamwoa.

Niweke kando kidogo hapa. Huu ugonjwa wa kujisogeza mtaa wa jirani tunao wote. Mtu anakaa Kayole, ukimuuliza anasema Komarock. Wa Pipeline anasema Embakasi. Hata hapa Umoja kuna majirani zangu ambao kwa simu wanaishi Donholm. Simcheki mtu. Kila mmoja anajua anachokimbia.

Nyumbani kwetu Phase Seven ikawa neno la kawaida. Ndinda akisema amemaliza homework, mama yake anasema, "Hiyo ni Phase Seven." Nikisema nimekwama kazini, "Baba Ndinda, ni Phase Seven ama ni ukweli?" Yeye ndiye aliyelitumia zaidi, bila aibu.

Lakini Kiamaiko yenyewe hakuwahi kuitaja mbele ya watu. Akiulizwa kanisani amekulia wapi, anasema, "Huko upande wa Juja Road." Hata baba yake alipofariki na tukamzika, bado ilikuwa upande wa Juja Road. Sikuwahi kumsukuma.

Na ile sauti iliendelea. Alikuwa mwimbishaji wa akina mama kanisani. Akiniita kutoka jikoni, jirani wa juu alikuwa anaitika. Ugomvi wetu mtaa mzima uliusikiliza kama redio.

Sasa tuje huku kwa kuchoka.

Mwaka jana alifanyiwa operesheni ya goita. Uvimbe ulitoka vizuri, kidonda kikapona, lakini sauti ikabaki kitandani. Daktari alitueleza kwamba neva ya sauti inapita karibu sana na ile tezi na wakati mwingine inashtuka. Akasema inaweza kurudi, inaweza isirudi, lakini asipoifanyisha mazoezi haitarudi kabisa. Akafundishwa kusema "aaa" kila siku asubuhi.

Alifanya kidogo akaacha. Aliniandikia kwa simu tukiwa tumekaa kochi moja: "Inatoka kama ya mtu mwingine. Sitaki kumsikia."

Siku moja nikamwambia, "Itarudi tu, Mama Ndinda." Akaniangalia, akaandika: "Phase Seven."

Hapo sikucheka.

Akaacha uimbishaji. Kanisani akawa anakaa benchi ya nyuma karibu na mlango ili asisalimiwe na wengi. Dukani anamtuma Ndinda. Nyumbani akinitaka anagonga sufuria na kijiko. Nikisikia kijiko, naenda. Miezi na miezi ya kijiko.

Wakuu, nyumba ikinyamaza namna hiyo unachoka kuliko kubeba simiti. Nilikuwa nikitoka kazini nakaa kwa ngazi chini kwanza, kabla ya kupanda kwangu. Niliogopa kwamba ndio basi, kwamba nitazeeka na mtu anayeandika.

Konsati ya juzi, wiki kadhaa zilizopita, haikuwa wazo langu. Ndinda, ambaye sasa ana kazi yake, alitukuta tumekaa kimya mbele ya TV akasema, "Mnakaa ni kama watu wa matanga. Kuna shoo Jumamosi mchana hapa Outer Ring, kwa ile field. Nimewabuyia tickets. Mnaenda."

Nikajaribu kukataa. Nikasema mgongo. Akasema, "Dad, mgongo utaenda na wewe."

Haya, tukaenda.

Ticket iko ndani ya simu, simu ikazima kwenye foleni. Ikawashwa. Nikafungwa kibangili cha karatasi mkononi kama mgonjwa. Askari akaninyang'anya maji yangu, maji jamani, kisha ndani nikakuta watu wanauza maji yaleyale. Viti vilikuwa vya VIP. Sisi wengine tulikuwa kwenye nyasi, na nyasi yenyewe ilishamalizwa na mpira.

Mama Ndinda akatandika leso akakaa. Mimi nikasimama, maana nikikaa chini siku hizi kuinuka ni kikao.

Spika zile zinapiga mpaka ndani ya mbavu. Vijana wameinua simu wote, wanaangalia shoo kwa simu na shoo iko mbele yao. Msanii mmoja akaja, akaimba nusu ya wimbo, nusu nyingine akatuelekezea mic tumalizie. Nikajiuliza ni nani aliyelipwa kuimba. Magoti yakaanza kuuliza maswali yao.

Nikainama nikamwambia, "Tujiendee?" Akatikisa kichwa. Nikarudia baadaye. Akatikisa tena. Alikuwa anaangalia jukwaa tu, na sikuweza kujua anafikiria nini.

Jua likiwa linashuka, akapanda MC. Kijana, nywele za rangi ya chungwa, miwani. Nikajiandaa kuchoka zaidi.

Akasema, "Kabla niwape mwenye shoo, wacha nijue ni nani wako home. Kayole mko?"

Wakuu, nywele zilisimama. Bado wanaita mitaa! Sikujua kama hicho kitu kiliishi.

Kayole wakajibu. "Dando!" Dandora wakajibu. "Umoja mko?" Nikafungua mdomo kufanya kazi yangu ya zamani, kikatoka kikohozi. Mama Ndinda alicheka kwa mabega, bila sauti. Nikafurahi hata hivyo. Sikuwa nimeyaona mabega hayo yakicheka kwa muda mrefu.

Akainuka, akasimama kando yangu, akajipangusa vumbi.

"Buru mko?"

Nikamgusa na kiwiko. "Phase Seven, mnaitwa."

Hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, akiwa bado anaangalia mbele.

Mitaa mingine ikapita. Kisha yule kijana akasema, "Kiamaiko mko?"

Kimya.

"Kiamaiko? Ama wamebaki na mbuzi?" Watu wakacheka uwanja mzima.

Nikahisi mkono wake umeshika wangu kwa nguvu. Nikamwangalia. Alikuwa amefungua mdomo na mishipa ya shingo imesimama kando ya ile alama ya operesheni, na hakuna kinachotoka, hewa tupu. Nilitaka kumwambia aache, atajiumiza. Akavuta pumzi. Akajaribu tena.

"Tuko!"

Ilitoka imepasuka katikati, nzito, kama bawaba ya geti isiyotiwa mafuta. Haikufika hata kwa watu waliokuwa mbele yetu. MC alikuwa ameshapita, anaita Huruma, na Huruma walikuwa wengi, wanapiga kelele mpaka mwisho wa uwanja. Hakuna mtu aliyegeuka.

Mimi nilisikia. Nililia pale pale, mwanaume mzima na kibangili cha karatasi, katikati ya vijana wa watu.

Mama Ndinda alinipa kona ya leso nijifute. Kisha akanivuta sikio na kuniambia, kwa sauti ileile iliyopasuka, lakini sauti: "Baba Ndinda, miguu inaniuma. Twende nyumbani."

Mwenye shoo hatujamwona hadi leo. Ndinda aliudhika kidogo.

Msidhani kumetokea muujiza. Kesho yake asubuhi haikuwepo, akagonga sufuria kama kawaida. Jioni ikarudi kidogo. Siku hizi inakuja na kuondoka, na daktari anasema hata kupata hiyo ni bahati. Ila mazoezi amerudia. Asubuhi namsikia bafuni, "aaa, aaa," nikamwambia hiyo ni mbuzi ya Kiamaiko tupu, inakosa kengele tu. Akanirushia taulo.

Kanisani bado anakaa nyuma. Mimi bado nachoka. Lakini sikai tena kwa ngazi chini.

Funzo sijui kama ni funzo. Kama una mtu mwenye makelele nyumbani, usiwe na haraka ya kumnyamazisha. Na kama mtaa wako umeitwa, itika, hata kama umechelewa na wamepita.

Sasa ni nyinyi. Semeni konsati yenu ya kwanza ilikuwa wapi, na MC alipoita mlipigia mtaa gani kelele. Nataka mtaa wa ukweli, Phase Seven zote tutazijua.

Na kama kuna mtu wa Kiamaiko humu, ajibu tafadhali. Kuna mama amesimama nyuma ya bega langu tangu nianze kuandika, anasoma kila mstari. Nimemuuliza niwaambie nini. Ameninong'oneza niandike: tuko.