Fundi wa bafu anayesikiliza redio nyuma ya mlango wa mama yake

Jua limeshapanda, wenye nyumba wametoka kwenda kazini, na fundi umeme amepiga magoti kwenye bafu la watu, bisibisi mdomoni. Amezima umeme kwenye swichi kuu, amepima kwa testa, kisha amepima tena. Bafuni hamwamini mtu, hata yeye mwenyewe.

Wenzake wanamwita Fundi Bafu, na hawamwiti hivyo kwa heshima. Wao wanakimbilia majengo mapya, kwenye kelele na soga. Yeye kwa miaka mingi amejikita kwenye vyumba visivyotosha watu wawili. Siku ikichanganya anapata mabafu mawili. Siku ikigoma, anarudi na mfuko wa vifaa kama alivyotoka nao. Mchana anakula mkate wake akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akiangalia miswaki ya watu.

“Ukiikuta mingi kwenye kikombe kimoja, ujue nyumba hiyo ina maneno,” anamwambia mwandishi wa makala haya, aliyesimama mlangoni. “Kwangu uko mmoja, hauna wa kugombana naye.”

Anacheka, halafu kicheko kinakatika chenyewe.

Leo anafunga soketi ya mashine ya kunyolea. Nyuma ya soketi hiyo kuna transfoma ndogo yenye koili mbili za waya zilizokaa jirani bila kugusana. Umeme wa nyumba unaingia koili ya kwanza, na ule wa soketi unatoka koili ya pili.

“Umeme lazima urudi ulikotoka,” anaeleza, akijipangusa vumbi la simenti usoni. “Huu wa kawaida unaweza kurudi kwa kupitia ardhini. Sasa wewe umelowa, uko pekupeku, umegusa waya. Unapita kwako. Lakini huu uliotengwa haujuani na ardhi. Ukigusa waya mmoja, hauna njia ya kurudi.”

Hapo hapo ananyoosha kidole. “Sijasema uuchezee. Ukishika nyaya zote mbili, utakurusha vilevile. Na ni soketi moja, kifaa kimoja, mbali na maji.”

Somo hili linamuuma kuliko mafundi wengine, na sababu iko nyumbani kwa mama yake.

Marehemu baba yake naye alikuwa fundi, wa enzi zile ambapo taa ikiwaka kazi imekwisha. Alimfungia mkewe soketi ya kawaida karibu kabisa na bomba la kuogea, ili asikilize redio akioga. Ilikuwa zawadi. Baba hayupo tena, ila soketi ipo, kifuniko kimepasuka, na mama bado anachomeka redio ileile kwa mikono yenye maji.

Mwanawe alipomwambia kwamba itamuua, mama alikuja juu. Akamwambia asimtukane baba yake kaburini. Redio ya betri aliyomnunulia ikaishia kabatini, bado ndani ya makaratasi yake.

Basi kila jioni, akitoka kazini, fundi anapitia kwa mama na kusimama kwenye korido, nje ya mlango wa bafu.

“Redio kulia hakunisaidii, redio italia tu,” anasema. “Namsubiri yeye aimbe. Akinyamaza kidogo, moyo unataka kutoka.”

Mama akimaliza wanajuliana hali, wanakunywa chai, na fundi anarudi kwenye chumba chake cha kupanga. Hapo hana wa kumwambia hata kwamba amechoka.

Jioni hii amefuatana na mwandishi. Mama anatoka bafuni akinukia sabuni, kanga begani, na anashangaa kukuta mgeni. Wanapokaa, fundi anaanza tena wimbo wake wa kila siku.

“Mama, nakuomba. Niihamishe soketi ukuta wa pili, niweke transfoma. Redio yako utaisikia vilevile.”

Mama anakoroga chai ambayo sukari yake imeshayeyuka. Anapojibu, anamwangalia mwandishi.

“Hebu muulize wewe. Akishaitengeneza, atakuja kufanya nini hapa?”

Fundi anaweka kikombe chini. Siku zote hizo alidhani anashindana na marehemu.

“Ningekuja tu, mama.”

“Na dada zako walisema hivyohivyo walipoondoka.”

Nje watoto wa jirani wanaitwa waingie ndani. Fundi anaangalia mikono yake, kisha anauliza kama kitanda cha chumba cha nyuma bado kipo. Kesho, anasema, ataanza na soketi, kisha ataongeza swichi inayokata umeme ukivuja. Mwezi ukiisha atarudisha funguo za chumba cha kupanga, ahamie hapa.

“Usinidanganye, baba,” mama anasema.

“Sikudanganyi.”

“Kitanda kipo,” mama anasema. “Taa ya humo ndiyo haiwaki, siku nyingi sasa.”

“Mbona hukuniambia? Nipo hapa kila siku.”

Mama anainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza jioni hii anatabasamu kwa aibu.

“Niliogopa siku moja utanishinda kwenye hili la bafu. Hiyo taa nikaiweka akiba.”