Jina la Nyumba Ambalo Padri Hakuliandika

Ni saa mbili asubuhi katika ofisi ya parokia. Wiktoria Styrczula anavua pete, ananawa mikono, anaikausha kwa kitambaa alichotoka nacho kwake, ndipo anapofungua kitabu cha ubatizo. Mezani kuna kompyuta ndogo na kioo cha kukuzia maandishi. Chai yake ameiweka mbali, dirishani, makusudi.

Pembeni ameketi Halina Galica, mwanamke wa miaka sabini na tisa aliyekuja kwa treni kutoka Bytom. Koti bado hajavua.

"Vua koti, mama. Wafu hawana haraka," Wiktoria anamwambia.

"Wao hawana. Mimi ninayo."

Ana sababu. Oktoba inakwisha, na Siku ya Watakatifu Wote nchi nzima ya Poland huhamia makaburini na mishumaa. Halina hana kaburi la kwenda. Mama yake alikufa akimzaa. Baba yake, Jan, mchimba makaa ya mawe, mapafu yalimshinda binti akiwa na miaka mitano, na mtoto akalelewa na masista. Alipokua na kwenda kuwatafuta wazazi, alikuta mahali pao wamezikwa watu wengine. Kaburi lisilolipiwa miaka ishirini huko hupewa mwingine.

Tangu hapo, kwa miaka mingi, aliwasha mshumaa wake chini ya msalaba mkubwa wa katikati ya makaburi, pamoja na wengine wasio na pa kwenda.

"Pale hukai na mtu," anasema. "Unawasha, unaondoka. Wenzako wanakaa na watu wao, wanakula hata mkate."

Wiktoria, mwenye miaka hamsini na saba, alikuwa karani wa posta hadi posta ya kijiji ilipofungwa. Kazi ikamfia mikononi, naye akaingia kwenye vitabu vya parokia kwa ruhusa ya padri, akajifunza Kilatini cha vitabu hivyo kidogo kidogo. Leo anaingiza majina kwenye faharasa ya mtandaoni, na watu wa Chicago, wajukuu wa waliohamia Marekani, humlipa kwa saa awatafutie mababu. Wanakijiji humlipa kwa mayai na jibini la moshi. "Kwa jibini sijawahi kulala njaa," anasema.

Faharasa hiyo ndiyo iliyomponza Halina. Cheti cha ndoa cha baba yake kilisema Jan alikuwa mwana wa Wojciech na Maria, mzaliwa wa kijiji hiki cha milimani. Mpangaji wake akamfungulia mtandao, wakaandika jina, na Jan Galica akatokea, aliyezaliwa mwaka 1912, baba Wojciech, mama Maria. Halina alilia kwa furaha, akafunga safari.

Miaka miwili mfululizo aliwasha mishumaa kwenye kaburi la hao Wojciech na Maria. Mwaka jana akaja mwanamke na ndoo ya maua.

"Samahani, mama, wewe ni wa nani?"

"Mjukuu wao. Binti wa Jan."

"Jan yupi? Jan wetu hakuwahi kutoka kijiji hiki, mama. Si ndiye huyo hapo nyuma yako, kaburini?"

Halina akageuka na kulisoma jiwe. Aibu aliyoipata haielezeki. Yule mwanamke hakumfukuza, tena alimpa chai ya chupa.

Aliyeishi milimani asingeshangaa. Nusu ya kijiji ni akina Galica, na majina ya ubatizo ni yaleyale manne matano. Ndiyo maana kila nyumba ina jina lake la pembeni, ambalo watu huitana kwalo kanisani na dukani. Padri wa mwaka 1912 alitoka nchi tambarare. Majina hayo aliyaona utani wa wachunga kondoo, hakuyaandika.

Wiktoria anageuza ukurasa. Anaweka kidole, kisha kidole kingine.

"Wako wawili. Mwaka mmoja, baba Wojciech, mama Maria. Huyu ni wa nyumba namba 31, ndio wale uliowawashia mishumaa. Huyu ni wa namba 87, sijamwingiza mtandaoni bado. Ila namba zilishabadilishwa mara mbili, na 87 ya zamani siijui ilikuwa wapi. Baba yako alikuwa anaitwaje na wenzake?"

"Jan."

"Hakuna jingine? Hata la kijinga?"

"Akirudi kutoka kazini alikuwa anagonga mlango anasema, 'Fungua, Kubin amekuja.' Nilidhani ananichekesha."

Wiktoria anafunga kitabu taratibu na kuvaa koti.

Katika nyumba ya pili kutoka kanisani anaishi Bibi Aniela, mwenye miaka tisini na moja. Wanamkuta anamenya viazi.

"Bibi, akina Kubin ni wapi?"

"Kwani umeanza kupotea, Wiktoria? Si pale kwa Bronisław, kijitoni. 87 ya zamani. Mwenzao mmoja alikwenda migodini baada ya vita, asirudi." Anamtazama Halina usoni bila haya. "Huyu ana pua yao, maskini."

Majira haya ya baridi Wiktoria anataka kupita nyumba kwa nyumba na bibi huyo, akusanye majina yote ya pembeni na kuyaweka kwenye faharasa kabla hayajaondoka na wenyewe.

"Niondoke niende wapi?" Bibi Aniela anauliza, akiendelea na viazi vyake.

Jumamosi, akina Galica wa kijitoni wanaosha kaburi lao, kama ilivyo desturi kabla ya sikukuu. Bronisław, mwana wa mdogo wake Jan, anasugua jiwe la Wojciech na Maria wa 87 ya zamani. Halina amesimama kando, mkoba mkononi, mishumaa ndani yake.

"Dada, utasimama hapo kama mgeni mpaka lini?" Bronisław anamwambia. "Shika brashi. Upande wa bibi yako bado mchafu."

"Mwache, baridi hii," mkewe anamkemea. "Magoti yake."

Halina ameshapiga magoti. Maji ya ndoo ni ya barafu. Mke wa Bronisław anapomwambia imetosha, jiwe limetakata, Halina anamwomba amwongezee maji.